Maswali ya Wasomaji: Ni Nani Wanaovipigia Kura Vyama vya Mrengo wa Kushoto?

Barua nne tulizozichagua kwa toleo hili zinahusu jambo moja: vyama vinavyojitangaza kuwa sauti ya wengi wasio na kitu dhidi ya wachache waliohodhi kila kitu, na watu wanaovipa kura. Nimezifupisha barua hizo bila kugeuza maana ya waliozituma.

Msomaji wa Morogoro anauliza: Ndugu Mwandishi, mimi ni mwalimu wa somo la uraia. Wanafunzi wangu wameniuliza kwa nini Wagiriki, wenye elimu nzuri na historia ndefu ya siasa, mwaka 2015 walikikabidhi nchi chama cha Syriza kilichowaahidi mambo ambayo hayakutimia. Niliwajibu kwamba wananchi wenye hasira hudanganyika upesi. Je, jibu langu linatosha? Na ni kitu gani hasa kinachokifanya chama kiitwe cha kipopulisti?

Jibu: Mwalimu, chama huitwa cha kipopulisti kinapoigawa nchi katika pande mbili tu, yaani umma mwema upande mmoja na tabaka dogo la wakubwa walioiteka dola upande wa pili. Kikiwa cha mrengo wa kushoto, tabaka hilo kwa kawaida huwa ni la wenye mabenki, matajiri na wanasiasa wanaowalinda, na wala si wahamiaji au watu wa dini nyingine, ambao ndio hulengwa na vyama vya kipopulisti vya mrengo wa kulia. Maana hiyo inatosha kwa darasa. Lakini jibu ulilowapa wanafunzi, kwa heshima zote, silikubali, na Ugiriki yenyewe ndiyo inayolikanusha.

Mfanyakazi wa Ugiriki, mkulima wa Krete na mtumishi wa serikali wa mshahara mdogo walikuwa na chama chao kwa muda mrefu. Kiliitwa PASOK, chama cha kisoshalisti kilichoanzishwa na Andreas Papandreou mwaka 1974, mara tu baada ya utawala wa kijeshi kuanguka. Kiliingia madarakani mwaka 1981, kikajenga huduma ya afya ya taifa na kikawafungulia milango ya ajira serikalini watu waliokuwa wamefungiwa nje kwa miaka mingi, ingawa ni kweli pia kwamba ajira hizo ziligawiwa kwa kujuana. Oktoba 2009 bado kilipata asilimia 43.9 ya kura. Miezi saba baadaye serikali ya chama hichohicho ilitia saini mkopo wa euro bilioni 110 kutoka kwa nchi za Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa, na masharti yake yalikuwa kukata mishahara na pensheni, kupandisha kodi na kupunguza watumishi. Mwaka 2012, wakati PASOK ikiwa ndani ya serikali ya mseto pamoja na mahasimu wake wa mrengo wa kulia, kima cha chini cha mshahara kilikatwa kwa asilimia 22, na kwa vijana wa chini ya miaka 25 kwa asilimia 32. Kufikia mwaka 2013 zaidi ya robo ya nguvukazi haikuwa na ajira, na miongoni mwa vijana ilikuwa zaidi ya nusu. Uchumi mzima ulisinyaa kwa karibu robo katika miaka michache, jambo ambalo nchi tajiri hukutana nalo kwa nadra sana nje ya vita.

Sasa tazama kura. Syriza, iliyopata asilimia 4.6 mwaka 2009, ilipata asilimia 36.3 Januari 2015. Katika kipindi hichohicho PASOK ilitoka asilimia 43.9 hadi asilimia 4.7. Vitongoji vya wafanyakazi vya magharibi mwa Athens na kisiwa cha Krete, ngome za PASOK tangu enzi za Papandreou, vilihamia kwa Alexis Tsipras, kiongozi wa Syriza. Waliompa kura kwa wingi walikuwa watu wa umri wa kufanya kazi, wasio na ajira, watumishi wa umma na wanafunzi, ilhali wastaafu wengi, waliokuwa na hofu ya kupoteza hata pensheni iliyosalia, walibaki na chama cha kihafidhina cha New Democracy. Mtu anayehamisha kura yake baada ya chama chake kumkatia mshahara hawezi kuitwa aliyedanganywa na chama anachohamia. Yeye anakidai chama anachokihama.

Hapa silinganishi wapiga kura na viongozi. Syriza iliahidi mambo mawili kwa pamoja, kubaki ndani ya sarafu ya euro na kuyavunja masharti ya mkopo, na viongozi wake walipaswa kuwaambia watu waziwazi kwamba wakopeshaji wangeweza kuwalazimisha wachague moja. Wakopeshaji walifanya hivyo. Mwishoni mwa Juni 2015 mabenki yalifungwa na kila mtu akaruhusiwa kutoa euro 60 tu kwa siku kwenye mashine. Tarehe 5 Julai, watu wakiwa bado wamepanga foleni, asilimia 61.3 ya waliopiga kura ya maoni waliyakataa masharti mapya. Wiki moja baadaye Tsipras alikubali mkataba wenye masharti makali vilevile.

Kama wapiga kura wangekuwa watu wa kuvutwa kwa ahadi tu, chama hicho kingekufa siku hiyo. Lakini katika uchaguzi wa Septemba 2015, kila mtu akiwa ameshajua kilichotokea, Syriza ilipata asilimia 35.5 na ikarudi serikalini. Kikundi kilichojitenga nayo ili kuendelea kusema "hapana" hakikuvuka hata kizingiti cha asilimia 3 cha kuingia bungeni. Waliopiga kura walipima wakaona kwamba huyu alijaribu kupigana na akashindwa, na kwamba waliobaki ni walewale walioliingiza taifa katika deni. Wengine wengi hawakwenda vituoni kabisa: waliojitokeza walikuwa chini ya asilimia 57. Subira ya waliobaki nayo ilikuwa na mwisho. Serikali ile iliwafungulia hospitali wasio na bima mwaka 2016 na ikapandisha kima cha chini cha mshahara mwaka 2019, lakini iliwatwisha kodi na michango mizito watu wa kipato cha kati na waliojiajiri. Mwaka 2019 ilipata asilimia 31.5 na ikatoka madarakani. Juni 2023 ilipata asilimia 17.8. Wape wanafunzi wako namba hizi zote kwa pamoja, Mwalimu, kisha waulize wao mpiga kura wa Kigiriki alikuwa akipima nini.

Msomaji wa Mombasa anauliza: Asalaam alaikum. Kaka yangu yuko Johannesburg na anampenda sana Julius Malema. Hata mimi nilifurahi aliposema kwamba Kiswahili kinafaa kuwa lugha ya Afrika nzima. Hotuba zake huku kwetu watu wanasambaziana kwenye simu kuliko za wanasiasa wetu. Kama maneno yake ni ya kweli na maskini wa Afrika Kusini ni wengi, mbona chama chake hakishindi?

Jibu: Waalaikum salaam, dada yangu. Swali lako ndilo lililonishughulisha zaidi kati ya yote ya mwezi huu, kwa sababu ukiitazama Afrika Kusini kwenye karatasi tu, utadhani chama cha namna hiyo kingechukua nchi katika uchaguzi mmoja. Takriban theluthi moja ya wanaotafuta kazi hawaipati, na pengo kati ya tajiri na maskini ni miongoni mwa makubwa kabisa duniani.

Chama cha Economic Freedom Fighters, EFF, kilianzishwa mwaka 2013 baada ya Malema kufukuzwa ANC, chama kilichokuwa kikitawala nchi, alikokuwa kiongozi wa umoja wa vijana. Alichagua kukizindua Marikana, na uchaguzi huo haukuwa wa bahati. Ni pale ambapo tarehe 16 Agosti 2012 polisi waliwapiga risasi na kuwaua wachimbaji 34 wa mgodi wa platinamu waliokuwa wamegoma wakidai mshahara wa randi 12,500 kwa mwezi. Chama kikuu cha wafanyakazi katika sekta ile kilikuwa mshirika wa ANC, na wagomaji wengi walikiona kuwa kimesimama upande wa mwajiri. Hivyo kisa kinafanana na kile nilichomweleza mwalimu wa Morogoro: chama kilichokuwa cha wanyonge kinatawala, wanyonge wanaumia chini yake, na pengo linafunguka upande wake wa kushoto. Wabunge wa EFF waliingia bungeni mwaka 2014 wakiwa na ovaroli nyekundu na kofia ngumu za migodini, na wabunge wanawake wakavaa sare za wafanyakazi wa nyumbani. Kwa mtu aliyelelewa na mama anayevaa sare hiyo, lile halikuwa onyesho la kuchekesha.

Kazi iliyofanywa na chama hicho ipo na inahesabika. Mlinzi wa Umma, yaani ofisa anayechunguza matumizi mabaya ya madaraka serikalini, Thuli Madonsela, alipotoa ripoti mwaka 2014 kwamba Rais Jacob Zuma alinufaika isivyo halali na ujenzi wa makazi yake ya Nkandla, ukiwamo ujenzi wa bwawa la kuogelea, zizi na banda la kuku, ANC iliizima ripoti hiyo bungeni. Wabunge wa EFF walimwambia Zuma ana kwa ana arudishe fedha, wakatolewa nje kwa nguvu, kisha wakaenda mahakamani. Tarehe 31 Machi 2016 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba rais alikiuka katiba, na baadaye mwaka huo akalipa randi milioni 7.8. Kwa maoni yangu hakuna chama cha upinzani barani mwetu kilichopata ushindi mkubwa wa kisheria kuliko ule, na ulipatikana kwa wabunge 25 kati ya 400. Jijini Johannesburg nako, EFF ilipokuwa na kura za kuamua nani awe meya, ilisukuma hadi walinzi waliokuwa wakiajiriwa kupitia makampuni wakachukuliwa na jiji moja kwa moja. Mlinzi aliyepata mkataba kwa njia hiyo hahitaji kuelezwa kwa nini akipigie kura chama hicho.

Hata hivyo kura zilipanda hadi mahali zikasimama: asilimia 6.35 mwaka 2014, asilimia 10.8 mwaka 2019, kisha asilimia 9.5 mwaka 2024. Sababu ya kwanza ni umri. Wafuasi wa EFF ni vijana, hasa wanaume, wa miji na vitongoji vya Gauteng, wa Limpopo alikozaliwa Malema, wa ukanda wa platinamu na wa vyuo vikuu, na vijana ndio wanaojiandikisha na kupiga kura kwa uchache kuliko rika lolote. Uwanja unajaa, kituo cha kura hakijai. Mama wa miaka sitini, ambaye hukosi kumwona kwenye foleni ya kura alfajiri, anakumbuka nani alimpa nyumba, umeme na ruzuku ya wajukuu, na lugha ya makamanda na vita haimvutii. Sisemi kwamba hana malalamiko juu ya ANC. ANC yenyewe iliporomoka hadi asilimia 40.2 mwaka 2024. Lakini yeye akichoka na ANC mara nyingi hubaki nyumbani.

Sababu ya pili inaniuma zaidi. Mwaka 2018 benki ya VBS ya Limpopo, iliyokuwa ikitunza akiba za wastaafu, za vikundi vya kuchangiana na fedha za manispaa maskini, ilifilisika baada ya kuibiwa na wasimamizi wake. Tuhuma za kunufaika na fedha zile ziliwafikia viongozi wa EFF, nao wamezikanusha wakati wote. Mahakama ndiyo yenye neno la mwisho juu yao. Kisiasa, hata hivyo, chama kilichojengwa kwa kauli ya "rudisha fedha" hakiwezi kubeba tuhuma ya namna hiyo kama chama kingine chochote, kwa kuwa mpiga kura wake alikifuata kwa sababu hiyohiyo.

Ardhi nayo imeleta jambo linalostahili kufikiriwa. Februari 2018 bunge lilikubali hoja ya EFF ya kuchunguza marekebisho ya katiba ili ardhi iweze kutwaliwa bila fidia, jambo ambalo miaka mitano kabla lilionekana ndoto. Desemba 2021 muswada ulipofika kwenye kura ulipata kura 204, wakati zilihitajika 267, na EFF ilikuwa miongoni mwa walioukataa kwa kuwa haukuiweka ardhi yote chini ya dola. Msimamo wao ulikuwa na mantiki. Lakini asiye na ardhi alitoka pale bila hata nusu ya alichoahidiwa, na kwangu mimi lile lilikuwa kosa kubwa.

Mwishoni mwa 2023 alitokea Zuma yuleyule, akaunga mkono chama kipya cha MK chenye madai yanayofanana na ya EFF kuhusu ardhi na mabenki, na mwaka 2024 kikapata asilimia 14.6, nyingi zikitoka kwa wapiga kura wa Kizulu wa KwaZulu-Natal. Baada ya hapo Floyd Shivambu, aliyekuwa naibu wa Malema tangu mwanzo, aliihama EFF. Malema mwenyewe hakupata mpinzani katika mikutano mikuu ya chama ya 2019 na 2024. Chama kinachosema kwa niaba ya umma mzima lakini hakina mahali ambapo mwanachama anaweza kumshinda kiongozi kitawapoteza wenye vipaji mmoja baada ya mwingine. Hili mweleze kaka yako taratibu, maana najua halitampendeza.

Msomaji wa Hamburg anauliza: Nimeishi Ujerumani miaka mingi. Sahra Wagenknecht alitoka chama cha Die Linke akaanzisha chake, chenye sera za kushoto za pensheni na mishahara lakini kikali kwa wahamiaji. Sisi Waafrika wa huku tuliogopa. Je, njia hiyo ndiyo itakayowarudisha wafanyakazi kutoka mrengo wa kulia?

Jibu: Uchaguzi wa Februari 2025 ulitoa jibu la sehemu. Chama cha Wagenknecht kilipata asilimia 4.98, kikakosa kizingiti cha asilimia 5 kwa kura chache sana, wakati chama cha mrengo wa kulia cha AfD kilipata asilimia 20.8. Die Linke, ambayo wengi walikuwa wameshaiandikia tanzia, iliacha kuwafuata wapinzani wake katika suala la wahamiaji, ikazungumzia kodi za nyumba na bei za vyakula mlango kwa mlango, na ikafika asilimia 8.8. Miongoni mwa wapiga kura wa chini ya miaka 25 ndiyo iliyoongoza, hasa kwa kura za wasichana. Anayetaka ukali dhidi ya wageni tayari anacho chama chake, na sioni kwa nini akiache akanunue bidhaa ileile kwa muuzaji mgeni sokoni.

Malema naye alilijaribu hilo kidogo. Kwa miaka mingi alisimama kidete dhidi ya chuki kwa Waafrika wenzake na kutaka mipaka ifunguliwe, kisha Januari 2022 akaenda kwenye migahawa ya Midrand kuhesabu wenyeji na wageni walioajiriwa. Ziara ile haikumletea wapiga kura wenye hasira na wageni, waliokuwa na vyama vingine vya kuvikimbilia, na iliwaumiza waliomwamini. Nakuelewa unaposema mliogopa. Chama cha kushoto kinachowatenga watu wa kazi kwa pasipoti kimeshaacha nusu ya sababu ya kuwapo kwake.

Msomaji wa Kigoma anauliza: Kwa nini chama cha namna hii hakijakua hapa kwetu Afrika Mashariki, ambako maskini hawahesabiki?

Jibu: Majaribio yamekuwapo, na Kigoma mnayajua kuliko wengi. ACT-Wazalendo kilitoa Azimio la Tabora mwaka 2015 kikitaka kuihuisha misingi ya Azimio la Arusha la 1967, lakini katika uchaguzi wa mwaka huo kiliambulia mbunge mmoja wa jimbo, Zitto Kabwe wa kwenu Kigoma Mjini. Kilipokuja kupata nguvu kubwa ni baada ya Maalim Seif Sharif Hamad na wafuasi wake kujiunga nacho mwaka 2019, na nguvu hiyo ilitokana na historia ya siasa za Zanzibar kuliko na mgawanyo wa mali. Tanzania chama tawala bado kinazungumza lugha ya Mwalimu Nyerere, na ni vigumu kwa mgeni kupata nafasi upande wa kushoto wa chama kinachojiita cha wakulima na wafanyakazi, hata kama mambo yenyewe yamebadilika.

Kenya ilikuja na namna yake. Mwaka 2022 William Ruto aliigawa nchi kati ya mahasla, yaani wahangaikaji wa riziki, na familia za watawala, akatumia wilbaro kuwa alama, na akashinda kwa asilimia 50.49. Mpangilio wa maneno ulikuwa wa kipopulisti kabisa. Sera za mrengo wa kushoto hazikuwamo, kwani badala ya kugawa upya mali zilitoa mikopo midogo. Kodi zilipowaelemea walewale walioitwa mahasla, vijana waliingia barabarani Juni 2024 hadi Muswada wa Fedha ukaondolewa, wakisema hawana kabila, hawana chama na hawana kiongozi. Kauli hiyo iliwalinda wasinunuliwe. Kwenye uchaguzi mkuu wa Agosti 2027, hata hivyo, karatasi ya kura itakuwa na majina na vyama, na litakalohesabika kabla ya hapo ni wangapi kati yao watakuwa wamejiandikisha. EFF iliwahi kudhani uwanja uliojaa unatosha.